Reli ndogo ikikabidhiwa wilaya: jinsi Ujerumani ilivyogawa njia, abiria na mizigo

Mwaka 1993 wilaya mbili za kusini mwa Ujerumani, Böblingen na Tübingen, zilinunua njia ya reli yenye urefu wa kilomita 17 kwa marki moja, sarafu ya Ujerumani ya kabla ya euro. Njia hiyo inatoka mji wa Böblingen, inapita kandokando ya msitu wa Schönbuch na kuishia Dettenhausen. Treni za abiria zilikuwa zimeondolewa hapo tangu miaka ya 1960. Shirika la reli la taifa lilikuwa radhi kuiachia, kwa sababu njia isiyotumika nayo hula fedha: nyasi za kufyeka, madaraja ya kukagua, mataruma yaliyooza. Wilaya zile hazikupewa zawadi. Zilinunua gharama, na zilijua hivyo.

Desemba 1996 treni za abiria zilirudi. Wataalamu walikadiria watu 2,500 kwa siku; idadi hiyo ilipitwa mapema, mabehewa yakafurika, na baada ya miaka mingi ya treni za dizeli njia ikatiwa umeme na baadhi ya sehemu zikawekewa reli mbili. Kazi hiyo ilikamilika 2019.

Watu wanaotaka reli zishushwe ngazi ya mkoa, jimbo au kaunti huipenda sana habari hii. Wanasema: tazama, serikali kuu ilishindwa, wilaya ikaweza. Nakubali kwamba wilaya iliweza. Lakini iliwezaje? Wilaya ya Böblingen haikuwa na mafundi bora kuliko wa taifa, wala haikuwa na hazina ya siri. Ilichokuwa nacho ni mfumo mpya wa fedha uliozaliwa miaka hiyohiyo, na bila kuuelewa huo, kisa cha marki moja kinapotosha.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo sote tumezoea kuyaita kwa jina moja, reli. Kuna njia yenyewe: vyuma, mataruma, madaraja, stesheni. Kuna uendeshaji: treni, madereva, karakana. Na kuna jambo la tatu ambalo halionekani kwa macho, nalo ni agizo: nani anasema treni ngapi zipite, saa ngapi, zisimame wapi, na kisha analipa pengo kati ya nauli na gharama. Katika shirika la kale la reli mambo hayo matatu yalikuwa kwenye jengo moja, mara nyingine kwenye meza moja. Ukisikia mtu anasema reli ikabidhiwe mkoa, muulize ni lipi kati ya hayo matatu analokabidhi. Majibu huwa tofauti kabisa, na matokeo pia.

Ujerumani ilianza kwa kukabidhi la tatu. Januari 1994 mashirika mawili ya reli, la magharibi na la mashariki, yaliunganishwa kuwa kampuni moja, Deutsche Bahn AG, inayomilikiwa na serikali kuu kwa asilimia 100. Kabla ya hapo, Desemba 1993, bunge lilirekebisha katiba. Kifungu cha 106a kilitamka kwamba kuanzia 1 Januari 1996 majimbo yana haki ya kupata sehemu ya kodi ya serikali kuu kwa ajili ya usafiri wa umma wa abiria. Siku hiyohiyo jukumu la treni za abiria za masafa mafupi likahamia majimboni.

Neno la kukazia hapo ni haki. Fungu hili haliombwi kila mwaka mbele ya waziri wa fedha. Kiasi chake kimeandikwa katika sheria, pamoja na kiwango cha kupanda kila mwaka. Mwaka 2002 kilikuwa zaidi ya euro bilioni 6.7. Mwaka 2016 kikawekwa kuwa bilioni 8.2 na kupanda kwa asilimia 1.8 kwa mwaka. Baadaye kiwango hicho kikainuliwa hadi asilimia 3. Mabishano hayakosekani, na katikati ya muongo wa 2000 serikali kuu iliwahi kulipunguza fungu hilo, majimbo yakaumia. Hata hivyo mwenye kupanga treni za wilaya anaweza kusaini mkataba wa miaka kumi au kumi na mitano akijua kwamba fedha ya mwaka wa nane itakuwepo. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha mageuzi yote, kuliko zabuni na kuliko hata ushindani uliopigiwa debe sana.

Majimbo kwa upande wao yaliunda mamlaka za kuagiza treni. Bavaria ina moja kwa jimbo zima. Rhine-Kaskazini-Westphalia ilizigawa kwa kanda. Kule Stuttgart kuna muungano wa mkoa wenye baraza lake la kuchaguliwa linaloagiza treni za mjini na viunga vyake. Kwa jumla nchi nzima ina mamlaka 27 hivi.

Tuchukue treni moja tu, ya saa kumi na mbili unusu asubuhi, kutoka mji mdogo kwenda mji mkubwa. Mamlaka imeandika katika mkataba kwamba treni hiyo ipite kila siku ya kazi, iwe na viti kadhaa, choo kinachofanya kazi, na nafasi ya baiskeli na viti vya magurudumu. Ikichelewa au isipotokea, mwendeshaji anakatwa fedha. Mwendeshaji alishinda zabuni kwa kutaja bei kwa kila kilomita ambayo treni itatembea. Kutokana na bei hiyo anamlipa dereva, analipia umeme au dizeli, analipa kodi ya treni zenyewe (Saksonia ya Chini hununua treni zake na kuwakodisha washindi wa zabuni, ili hata kampuni ndogo iweze kushindana), kisha analipa ada mbili: moja kwa kila kilomita ya njia anayopita, nyingine kwa kila stesheni anayosimama.

Ada hizo zinakwenda wapi? Kwa sehemu kubwa ya nchi zinakwenda kwa kampuni ya miundombinu ya Deutsche Bahn, ambayo tangu Januari 2024 inaitwa DB InfraGO. Yaani serikali kuu inalipa majimbo, majimbo yanalipa waendeshaji, na waendeshaji wanairudishia kampuni ya serikali kuu sehemu nono ya fedha hiyohiyo. Majimbo yalilalamika kwa miaka kwamba ada zinapanda haraka kuliko fungu lenyewe. Mwaka 2016 sheria ikaweka breki: ada za treni za abiria za masafa mafupi zisipande kupita kasi ya fungu la majimbo. Weka akilini breki hiyo, kwa sababu gharama iliyozuiwa upande mmoja haikuyeyuka. Ilihamishiwa kwa treni za masafa marefu na za mizigo.

Nauli nayo ina fundo lake. Katika aina moja ya mkataba nauli ni mali ya mwendeshaji, hivyo yeye ndiye anayeumia mabehewa yakiwa matupu. Katika aina nyingine nauli zote ni za mamlaka, mwendeshaji analipwa bei yake tu. Majimbo mengi yameelekea kwenye aina ya pili, na tangu Mei 2023, ilipoanza tiketi moja ya nchi nzima kwa euro 49 kwa mwezi (58 tangu Januari 2025, 63 tangu Januari 2026), ni vigumu kuona jinsi kampuni ingeweza kubeba hatari ya nauli ambayo bei yake inapangwa na wanasiasa.

Ushindani umeleta treni mpya na bei za chini, hilo ni kweli. Zaidi ya theluthi ya kilomita za treni hizo sasa zinaendeshwa na kampuni zilizo nje ya Deutsche Bahn. Lakini bei za chini mno zina siku yake ya hesabu. Mwaka 2021 kampuni ya Abellio Deutschland iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai: mishahara ilipanda, madereva waliadimika, kazi za ukarabati njiani zilileta ucheleweshaji na ucheleweshaji ukaleta makato, na bei zilizotajwa miaka mingi nyuma hazikutosha. Baden-Württemberg ilifanya nini? Jimbo hilo lina kampuni yake ya reli, SWEG. Kuanzia 2022 SWEG iliichukua kampuni tanzu ya Abellio ya huko pamoja na wafanyakazi wake, na treni zikaendelea kutembea. Jimbo lisilo na mkono wake wenyewe lilibaki kutafuta waendeshaji wa dharura kwa bei ya dharura.

Sasa tuje kwenye upande ambao wapenzi wa reli hawapendi kuutaja. Anayeagiza treni anaweza pia kuacha kuiagiza. Zamani kufuta treni ya kijijini kulikuwa suala la kitaifa lenye kelele bungeni. Leo jimbo lenye watu wachache na fedha kidogo huifuta katika ratiba mpya ya Desemba. Mecklenburg-Vorpommern, jimbo la kaskazini mashariki, liliacha kuagiza treni za kila siku kati ya Parchim na Malchow mwishoni mwa 2014, licha ya wakazi kuandamana. Mashariki mwa nchi vijiji vingi vilipoteza treni baada ya 1996 kwa njia hiyohiyo.

Na vigezo vinatofautiana kwa mpaka wa jimbo. Bavaria inasema haitaagiza treni kwenye njia iliyofufuliwa mpaka makadirio yaonyeshe wastani wa abiria 1,000 kwa siku ya kazi katika urefu wote wa njia, na wilaya husika zihakikishe kwamba reli yenyewe inapatikana bila jimbo kuilipia. Jirani yake Baden-Württemberg iko tayari kuagiza kwa nusu ya idadi hiyo, kwa kilomita 100 za kwanza zitakazofufuliwa. Kwa hiyo njia mbili zinazofanana, zenye vijiji vya ukubwa mmoja, zinaweza kupata hatima mbili tofauti kwa sababu ya mstari kwenye ramani. Mtu anaweza kuita huo ndio uhuru wa majimbo. Mwanafunzi wa upande usio na treni ana haki ya kuita jina jingine.

Turudi Schönbuch, maana sasa kisa kinaeleweka. Wilaya zilichukua njia yenyewe, jambo la kwanza kati ya yale matatu. Uendeshaji zikampa kampuni. Ujenzi mkubwa ulisaidiwa na jimbo na serikali kuu, kupitia sheria ya fedha za usafiri wa miji na wilaya. Tangu 2020 sheria hiyo inaruhusu serikali kuu kubeba hadi asilimia 90 ya gharama zinazostahili za kufufua njia. Sheria ya reli ya nchi pia inasaidia kwa namna isiyozungumzwa sana: mwenye njia hawezi kuifunga tu anapochoka. Lazima kwanza aitangaze na kuwapa wengine nafasi ya kuichukua kwa masharti ya kawaida, na muda wa kujitokeza ni miezi mitatu. Wilaya inayojua tarehe hizo inaweza kuokoa njia. Inayozisoma gazetini baada ya miezi minne imechelewa.

Mpaka hapa nimezungumzia abiria tu, na hilo si bahati mbaya. Mfumo wote nilioueleza umejengwa kwa ajili yao. Fungu la majimbo ni la usafiri wa abiria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2007 inayoruhusu mamlaka za umma kuagiza na kufidia huduma inahusu abiria. Mizigo ilihesabiwa kuwa biashara ya soko: tangu 1994 kampuni yoyote yenye leseni inaweza kupeleka treni ya mizigo relini, na kama hakuna anayepata faida, hakuna treni.

Kwa treni nzima ya makontena kutoka bandari ya Hamburg mpango huo unafanya kazi. Kwa mizigo midogo ya wilayani haufanyi. Tazama kiwanda cha mbao kilicho kilomita tano kutoka mji, chenye kipande chake cha reli kinachoingia uani. Kila wiki kinapokea mabehewa matatu. Kichwa cha treni na dereva lazima vije kutoka stesheni kubwa, vikokote mabehewa hayo matatu, vingoje, virudi na yaliyopakiwa. Pale reli ya kiwanda inapotoka kwenye njia kuu pana swichi ya kubadilisha njia, na swichi hiyo inatakiwa kutunzwa, kupakwa mafuta, kupashwa joto wakati wa theluji na kuunganishwa na mfumo wa ishara. Mwenye njia kuu anamtumia mwenye kiwanda ankara ya matunzo. Siku swichi ikifikia umri wa kubadilishwa, mwenye kiwanda anapiga hesabu, analinganisha na lori linaloingia uani bila swichi yoyote, na anasema basi. Swichi inang'olewa, reli iliyonyooka inawekwa mahali pake. Hakuna mkutano wa wananchi, kwa kuwa hakuna abiria aliyepoteza kitu.

Hivyo ndivyo vipande vya reli vya viwandani vilivyopungua kutoka zaidi ya 11,000 katika miaka ya 1990 hadi takriban 2,300. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Deutsche Bahn yenyewe iliacha kuhudumia mamia ya sehemu za kupakilia mizigo kwa mpigo mmoja. Serikali kuu imejaribu kuziba: tangu 2004 inachangia hadi nusu ya gharama ya kujenga reli ya kiwandani, na tangu 2013 kuna sheria ya kuchangia njia za mizigo zisizo mali yake. Misaada hiyo ni ya kujenga zaidi kuliko ya kuendesha. Kiwanda chetu cha mbao kinaweza kusaidiwa kununua swichi. Dereva wa kuja kila wiki kwa mabehewa matatu ni tatizo lake.

Ndiyo maana nazithamini sana kampuni kongwe za reli zinazomilikiwa na wilaya na miji, ambazo zilikuwepo muda mrefu kabla ya mageuzi. Westfälische Landes-Eisenbahn, yenye makao Lippstadt, ilianza 1883 na ni mali ya wilaya na miji ya eneo lake. Mwaka 1975 iliacha kabisa kubeba abiria. Njia zake zingeweza kugeuka vichaka, kama zilivyogeuka nyingi za wakati huo. Kilichoziokoa ni mawe ya chokaa ya Warstein yaliyokwenda kwenye viwanda vya saruji vya Beckum, na baadaye hata bia ya Warstein ilipanda treni. Kwa mizigo hiyo reli zilibaki chini, madaraja yakaendelea kukaguliwa, hati za ardhi hazikuuzwa kwa wajenzi wa nyumba. Leo, eneo la Münster linapotaka treni ya abiria hadi Sendenhorst, njia ipo. Mipango na vibali vimechukua muda mrefu kuliko watu walivyotumaini, lakini hakuna anayelazimika kununua mashamba upya wala kubomoa nyumba ya mtu.

Mantiki yake haipatikani kwenye kitabu chochote cha hesabu cha mwaka mmoja. Mizigo hulinda njia miaka ambayo abiria hawapo. Abiria huleta fedha za umma miaka ambayo mizigo imepungua. Mmiliki wa hapohapo, anayebeba vyote viwili kwenye daftari moja, anaweza kuvumilia mzunguko huo. Kampuni ya mizigo peke yake haiwezi, na mamlaka ya abiria peke yake hairuhusiwi. SWEG nayo iko hivyo: mwaka 2018 iliungana na reli ya eneo la Hohenzollern, iliyokuwa ikisomba chumvi ya mgodi wa Stetten karibu na Haigerloch kwenye njia zilezile za treni za wanafunzi.

Ufaransa imepitia upande mwingine. Mikoa yake karibu yote inaagiza treni za abiria tangu 2002, ila njia zilibaki za taifa, na njia ndogo zikachakaa mpaka treni zikalazimika kutambaa. Sheria ya Desemba 2019 ikafungua mlango wa mkoa kuchukua hata njia yenyewe. Mfano wa zamani zaidi upo milimani nyuma ya Nice: njia ya kilomita 151 hadi Digne-les-Bains ni mali ya mkoa tangu 2007, na tangu 2014 inaendeshwa na shirika la mkoa lenyewe, bila kampuni ya kati. Hapo mkoa umegundua kwamba handaki likibomoka, kama lilivyobomoka la Moriez mwaka 2019, ankara inakuja kwake.

Afrika Mashariki tumejaribu kugawa reli kwa namna nyingine. Tanzania mwaka 2007 ilitenganisha mwenye njia, RAHCO, na mwendeshaji, TRL, ambayo kampuni ya RITES ya India ilishika asilimia 51. Ubia ukavunjika, na sheria ya 2017 ikarudisha vyote viwili chini ya shirika moja la reli, TRC. Muda wote huo tulibishana juu ya njia na uendeshaji. Jambo la tatu, agizo, halikuwa na mwenyewe. Kenya ina ugatuzi wa kweli, lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiweka reli upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti zina barabara zao na usafiri wa umma wa barabarani. Gavana anaweza kuomba treni ya asubuhi. Kuiagiza, akiwa na fungu la kuilipia, hawezi.

Na njia ya Tanga kwenda Moshi na Arusha inaonyesha jambo lilelile la Warstein. Ilipofufuliwa 2019, treni ya mizigo ilitangulia mwezi Julai, ikiwa na saruji ya Tanga. Abiria wa kutoka Dar es Salaam wakafika Moshi Desemba, na Arusha mwaka uliofuata. Saruji ndiyo inayoipa njia ile sababu ya kutunzwa. Mwaka ambao mwenye saruji ataona lori ni nafuu zaidi, uamuzi wa kuendelea kuitunza utafanywa Dar es Salaam na Dodoma. Halmashauri za Korogwe, Same na Moshi, ambazo watu wake hupanda treni hiyo, hazitakuwa na fungu wala kura.